Usiku Nabuyonga Ulipojaa, Redio Yetu Ilikuwa Inaongea Mpira

Kuna simu moja haijanitoka masikioni mpaka leo. Ilikuwa Jumamosi tarehe 30 Julai 2022, hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, mi nilikuwa studio kwenye redio moja ya mjini, kazi yangu kupokea simu za wasikilizaji na kuchagua nani aingie laivu. Jioni ile Liverpool walikuwa wamecheza na Manchester City kule Leicester, ile mechi ya kufungua msimu, Liverpool wakashinda 3-1, basi nusu ya mji ilikuwa kwenye vibanda vya mpira na nusu iliyobaki iko kwenye redio, simu zinaingia moja juu ya nyingine, kila mtu anataka kuongea habari ya Haaland na Núñez. Mvua inanyesha, lakini mvua Mbale mwezi wa saba nani anaishangaa.

Katikati ya hizo simu ikaingia ya mama mmoja anayekaa juu huko upande wa Wanale. Sauti yake ilikuwa ya chini na nyuma yake kulikuwa na mlio wa kukwaruza ambao nilidhani ni network mbovu. Akaniambia, "Kijana wangu, huu mto leo unabeba mawe. Sikiliza." Akaitoa simu nje ya mlango, nikausikia ule mlio vizuri, kugongana kugongana kama mtu anamwaga gunia la vyuma kwenye sakafu bila kumaliza. Haikuwa network. Akasema, "Waambieni watu wa chini."

Nikaandika kwenye karatasi, MTO, WANALE, MAWE, nikaibandika kwenye kioo mtangazaji aione. Akaisoma, akaniuliza kwa mkono, nani amethibitisha? Utaratibu wetu ulikuwa habari ya maafa haiendi hewani mpaka mkubwa wa ofisi inayohusika aseme ndiyo. Nikapiga simu ya mkubwa mmoja, haikupokelewa. Nikapiga ya pili, imezimwa. Jumamosi usiku hiyo, mtu yuko na familia yake. Tukaendelea na mpira.

Usiku ule ule, kuamkia Jumapili, mito ya Nabuyonga na Namatala na Nashibiso ikatoka kwenye njia zake na kuingia ndani ya nyumba za watu. Gari la abiria likasombwa na maji ya Nabuyonga watu wakiwa ndani. Baada ya siku chache hesabu ya waliokufa ilikuwa imepita 20. Serikali ikasema watu kama 5,600 wamekosa makao, ekari zaidi ya 5,000 za mazao zimekwenda, na watu wapatao 400,000 hawana maji safi kwa sababu mabomba yamekatwa na mafuriko. Fikiria hilo la mwisho, mji umezama na hauna maji ya kunywa.

Sasa sisemi kwamba tungetangaza ile simu wote wangepona, siwezi kusema hivyo na mtu yeyote akisema hivyo anadanganya. Ninachosema ni kwamba onyo lilikuwepo, lilitoka kwa mtu aliyekuwa anauona mto kwa macho yake, likafika mpaka kwenye kioo cha studio, likaishia hapo. Toka siku hiyo kila nikisikia watu wanaongea mambo ya vyombo vya habari na maafa naangalia pale tu, kwenye kile kioo, pale onyo linapofia. Ndo maana nataka kisa hiki kichambuliwe hatua kwa hatua.

Kwa asiyejua Mbale, mji umekaa miguuni pa Wanale, ukuta mkubwa wa mwamba unaotoka kwenye Mlima Elgon, na siku za mvua ukisimama katikati ya mji unaona maporomoko yake yananing'inia meupe kama nyuzi. Maji yakianguka kule juu hayana safari ndefu. Zamani kulikuwa na miti ya kuyashika, leo miteremko mingi imelimwa mpaka kwenye kingo, maharage, ndizi, vitunguu, na simlaumu anayelima pale maana hana shamba lingine. Kwa hiyo maji hayanywewi na udongo, yanateleza nao. Yakifika mjini yanakuta karavati ndogo zilizojengwa enzi mji ukiwa mdogo, zimezibwa na kavera, ile mifuko ya plastiki, na chupa, halafu chini zaidi kule mtaa wa Namatala ambako kulikuwa na kinamasi cha kuyapokea, sehemu kubwa imegeuzwa mashamba ya mpunga na nyumba za kupanga. Kati ya mvua nzito juu na maji mlangoni kwako chini ni saa moja, mbili ukiwa na bahati.

Hii ya saa moja au mbili ndo inabadilisha kila kitu kwenye kazi ya habari. Wenzetu wa Teso mwaka 2007, kule Katakwi na Amuria, mafuriko yaliwajia polepole, mvua ikakaa juu ya mvua wiki kwa wiki, Septemba rais akatangaza hali ya dharura. Kwa mafuriko ya namna ile gazeti lina nafasi, kipindi cha Jumatano kina nafasi, hata mkutano wa wilaya una nafasi. Kwetu huku hakuna gazeti la saa moja. Kuna redio, kuna simu, kuna spika ya msikiti, basi.

Watu wengine wanasema mafuriko ya 2022 yalitushtukiza. Hapana. Huu mlima umeongea sana. Machi 2010 udongo uliifunika Nametsi kule Bududa, miili karibu mia ikapatikana na wengine wengi hawakuonekana tena. Oktoba 2018 Bukalasi, huko huko Bududa, mto ukashuka na matope na mawe ukapita katikati ya senta watu wakiwa sokoni, zaidi ya 40 wakafa. Mamlaka ya Hali ya Hewa kila msimu inatoa utabiri, na ofisi ya Waziri Mkuu ina kituo cha kitaifa cha kuratibu dharura toka 2014, na kuna jarida la tahadhari linatoka kila mwezi. Kwa hiyo maarifa yapo nchini, tusidharau kazi ya hao watu.

Shida nyingine iko kwenye lugha yenyewe. Utabiri unatufikia unasema "mvua ya wastani hadi juu ya wastani kanda ya mashariki." Mimi nimeusoma huo mstari hewani sijui mara ngapi, kwa sauti nzuri kabisa, halafu nikaweka wimbo. Mama anayeuza samaki Namatala afanye nini na juu ya wastani? Wastani wa nini? Yeye anaujua mto kwa karavati, anajua maji yakifika kwenye lile jiwe lililopakwa rangi na vijana wa steji ya boda basi choo chake kitafurika. Mtangazaji ambaye hajawahi kutembea kwenye ukingo wa mto hawezi kutafsiri utabiri, hata akijua lugha kumi. Tena mwaka ule wa 2022 mvua za Machi mpaka Mei zilikuwa haba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, watu walikuwa wanalilia mvua, na hapo ukiwaambia mafuriko wanakuona umechanganyikiwa.

Alafu angalia hewani tulikuwa tunaongea nini mwezi ule. Bei ya petroli imepanda mpaka watu hawalali, njaa ya Karamoja iko kwenye kila taarifa, na huku kwetu ni mwaka wa imbalu, sherehe yetu ya tohara, maana tunatahiri miaka shufwa, kwa hiyo maandalizi ya Agosti kule Mutoto yamejaa kila kipindi, ngoma, wadhamini, nani atakuwa mgeni rasmi. Yote hayo ni habari za kweli, sizidharau. Lakini mto haukuwa na kipindi hata kimoja. Hakuna anayelipia tangazo la mto.

Jumapili asubuhi ndo kamera zikaja. Zikaja nyingi, za Kampala, za nje, magari yenye antena. Nilikuwa mtaa wa Namakwekwe nimevaa gambuti za kaka yangu, nimesimama kwenye nyumba moja ambayo mstari wa matope umepita ukutani sawasawa na kalenda, chini ya mstari kila kitu ni kahawia, juu ya mstari picha ya watoto wa shule iko safi kabisa. Mwenye nyumba alikuwa anatandaza madaftari ya mtoto wake kwenye waya moja moja, anayabana na vibanio vya nguo, ingawa wino wote umeshatoka. Akaja mwandishi na kipaza sauti akamwuliza anajisikiaje. Yule mama akamjibu kwa swali, "Daraja la kwenda hospitali linapitika?" Mwandishi hakujua. Akamwuliza tena, "Miili inapelekwa wapi? Ndugu yangu hajarudi." Hakujua. Mimi nilikuwa na kitambulisho cha redio shingoni, nami nilikuwa sijui.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Sisi watu wa habari tulikuja na maswali kwa waathirika, kumbe waathirika ndo walikuwa na maswali ya habari, na yalikuwa maswali mazuri kuliko yetu. Daraja gani linapitika, wapi kuna maji ya kunywa, waliopotea waandikishwe wapi, shule gani imefunguliwa watu walale, nani anagawa mablanketi na unatakiwa uende na kitu gani. Mtu aliyepoteza nyumba akipata majibu hayo ndani ya saa sita anaweza kuokoa mtoto asiharishe, anaweza kuwahi kumpata ndugu yake. Hiyo nayo ni kupunguza maafa, maana mafuriko hayaishi maji yakipungua, yanaendelea kwenye visima vilivyoingiwa na vyoo na kwenye watu wanaojaribu kuvuka daraja lililochimbika chini.

Na hapa niseme kitu cha kuisifu redio, kwa sababu wiki ile tulifanya kazi. Kuanzia Jumatatu tulivunja ratiba, kila saa tunatangaza lori la maji liko wapi, tunarudia chemsha maji, chemsha maji, hata yale yanayoonekana masafi, tunasoma majina ya watu wanaotafutwa. Watu walikuwa wanatembea mpaka mlangoni kwetu na vipande vya karatasi. Kulikuwa na kijana wa boda alikuja na orodha ya karavati zote alizopita asubuhi ile, ameandika kwa kalamu kwenye boksi la sigara, hii inapitika, hii hapana, hii pikipiki tu. Ilikuwa taarifa bora kuliko ya mtu yeyote mwenye ofisi. Tuliisoma hewani kila baada ya nusu saa.

Lugha pia ilitufundisha. Namatala sio mtaa wa kabila moja, kuna Bamasaaba, kuna Iteso, Wakaramoja, Bagwere, Wakenya waliovukia Lwakhakha, ukitangaza kwa Kiingereza unaongea na wachache, ukitangaza kwa Lumasaaba, lugha ya Bamasaaba, peke yake nusu ya mtaa inabaki nje. Kiswahili cha sokoni, hicho hicho kilichovunjikavunjika, ndo kilifika kwa wote. Mwezi ule ule wa Julai baraza la mawaziri lilikuwa limepitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na watu walikuwa wanabishana kwenye vipindi kama kina faida gani, basi mimi faida yake niliiona kwenye matope.

Na picha za uongo, jamani. Jumapili ile ile kwenye magrupu ya WhatsApp kulikuwa kunazunguka video ya daraja linabomoka wanasema ni hapa kwetu, wakati hata mlima wa nyuma haukuwa wetu. Watu wakakimbia barabara ambayo ilikuwa nzima wakaenda kubanana kwenye nyingine mbovu. Facebook imefungwa Uganda toka Januari 2021, kwa hiyo wengi wanaingia kwa VPN na bando zao ndogo, habari inaruka kutoka grupu hadi grupu bila mwenyewe, na redio ndo mahali pekee ambapo mtu anaweza kupiga simu akauliza jamani hii ni kweli? Tukaweka dakika tano za kusema hii video si ya hapa. Dakika tano hizo zilipigiwa simu nyingi kuliko mpira.

Alafu Septemba ikafika. Kamera zilikuwa zimeshaondoka, wadhamini wamerudi, ratiba imerudi. Zile karavati bado. Hapa ndo nina hasira kidogo, maana kazi kubwa ya chombo cha habari kuhusu mafuriko iko kwenye miezi ambayo hakuna mafuriko, na ndo miezi hakuna anayetaka kuifanya. Habari ya "karavati haijazibuliwa" haina picha. Mkuu wa vipindi akikuangalia unaona kabisa anafikiria nani atasikiliza.

Mwaka uliofuata mimi na mtangazaji mmoja tukajaribu kitu. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinasema mto, hata ukiwa nje ya orodha ya ile mito mikubwa, uachiwe angalau mita 30 kila upande, bila kujenga, bila kulima. Watu wengi hawajui hata kama hiyo sheria ipo. Tukanunua kamba, tukaipima mita 30, tukaenda Nabuyonga na simu ya kurekodia, tukashika ncha moja kwenye ukingo tukatembea. Kamba ikapita kwenye kioski cha chapati, ikapita jikoni kwa mtu akiwa anapika, tukaomba samahani, ikapita choo, ikapita karakana ya kuchomelea, ikaishia katikati ya uwanja wa watoto. Tukarusha sauti ile kama ilivyo, mtangazaji anahesabu mita na watu wanajibu. Mzee mmoja pale kwenye choo akatwambia, "Wanangu, mimi hii plot niliuziwa na stempu ya mwenyekiti, sasa mkinipimia kamba leo mnanipeleka wapi?"

Ni swali la haki kabisa, na lilitufanya tubadili namna ya kuongea. Ukienda hewani kusema watu wamevamia mto unawafanya maskini kuwa wabaya, na kesho hawatakupigia simu mto ukijaa. Tukamwita hewani afisa wa ardhi, tukamwita mwenyekiti, tukauliza zile stempu. Majibu hayakuwa mengi, lakini angalau yaliulizwa mbele ya watu na karavati mbili zikaja kuzibuliwa kabla mvua hazijaanza.

Kuna mfano wa Uganda hapa hapa ambao nauona hautajwi vya kutosha. Novemba 2015, Kapelebyong kule Teso, Msalaba Mwekundu wa Uganda walitumia utabiri wa kompyuta wa mafuriko, wakaweka kiwango kabla, kwamba utabiri ukivuka hapa tunagawa vitu bila kungoja maji, na ulipovuka wakagawa kweli, madumu, dawa za maji, vifaa vya watu kujikinga na mafuriko. Ilikuwa moja ya mara za kwanza duniani msaada kutoka kwa sababu ya utabiri na sio kwa sababu ya maiti. Ninachokipenda pale ni kwamba uamuzi ulikuwa umeshafanywa kabla ya usiku wa hatari. Hakuna aliyekuwa anatafuta simu ya mkubwa saa nne za usiku.

Sisi tukaiga kwa udogo wetu. Tuna daftari la jalada gumu, liko studio limefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza lisiondoke. Ndani kuna namba za watu waishio juu, wachache tu, tunaowajua kwa sura na wanaoujua mto. Yule mama wa simu ya kwanza yuko ukurasa wa kwanza, kila mtu studio anamwita Mayi. Sheria yetu ni kwamba wawili kati yao wakisema kitu kimoja, mtangazaji aliye zamu anakata chochote kilichopo hewani, wimbo, mpira, tangazo la kulipiwa, anasema, halafu ndo anatafuta ofisi. Hakuna kungoja ruhusa. Kuwashawishi wakubwa wakubali lile jambo la kukata tangazo la kulipiwa kulichukua miezi, sitaki kuelezea vikao vyenyewe.

Na maneno yako tayari, yameandikwa kwenye ukurasa wa mwisho kwa Kiswahili, Lumasaaba na Ateso, kwa sababu mtu akiwa na hofu hatungi vizuri. Hayasemi mvua kubwa inatarajiwa. Yanasema, "Nabuyonga umejaa kule juu sasa hivi. Kama unakaa chini ya daraja, beba watoto na wazee, panda upande wa barabara kuu, usirudi kuchukua godoro. Dereva usivuke maji ambayo huoni lami." Ile ya dereva tuliiweka kwa sababu ya lile gari la abiria.

Tulikosea mara moja, na ni lazima niseme. Usiku mmoja wa mwaka 2023 wawili walipiga, tukakata kipindi, watu wakatoka kwenye mvua na watoto migongoni, wakasimama barabarani mpaka saa nane, na mto ukashuka wenyewe bila kuvuka. Asubuhi simu za matusi. Mtu mmoja aliibiwa redio na sufuria wakati ametoka. Mkuu akataka tufute sheria ile. Tulichofanya tulimweka Mayi laivu akaeleza aliona nini na kwa nini alipiga, tukaomba radhi kwa usumbufu bila kuomba radhi kwa kutangaza, tukamtaja jirani aliyekubali vijana walinde nyumba mara nyingine watu wakihama. Kwa maoni yangu kukosea kwa upande huo kunavumilika kama ukieleza. Wasikilizaji sio watoto, wanajua mvua haisomeki kama saa.

Bado kuna mashimo. Umeme ukikatika jenereta yetu inachukua muda, na kule chini mtu asiye na redio ya betri hasikii chochote, simu nyingi siku hizi za kugusa zinataka data au hazina redio kabisa. Ndo tukaenda kwa maimamu na wachungaji, tukaenda kwenye zile spika zinazofungwa juu ya nguzo sokoni, kizindaalo, mwenye spika anasikiliza redio na anarusha kwa mtaa. Inafanya kazi pale ambapo mwenye spika halali fofofo.

Na kuna kitu redio haiwezi. Novemba 2024, tarehe 27, udongo ulifunika vijiji vya Bulambuli, jirani zetu kabisa, nikaenda. Watu pale walikuwa wanajua, wamesikia maonyo miaka na miaka, serikali imejenga makazi mapya Bunambutye toka 2019 na baadhi wamehamia. Mzee mmoja aliyebaki aliniambia anasikia redio kila siku, lakini kahawa yake iko hapa na kaburi la baba yake liko hapa, na Bunambutye atalima nini. Sikuwa na la kumjibu kwenye kipaza sauti. Onyo linamhamisha mtu kwa usiku mmoja, kumhamisha kwa maisha ni mambo ya ardhi na pesa, na chombo cha habari kinachojifanya kimeshamaliza kazi kwa kusema "wananchi walionywa wakakaidi" kinawaonea wafu.

Kinachotusumbua sasa hivi ni airtime. Wale watu wa juu wanapiga kwa salio lao, na usiku wa mvua mtu anaweza kupiga mara tatu nne. Tumeanza kumwekea kila mmoja kidogo mwezi wa tatu na mwezi wa nane kwa kuchangishana pale studio, mtangazaji wa mpira ndo anatoa kubwa kuliko wote, ni yule yule niliyembandikia karatasi kwenye kioo. Hatujawahi kuongea usiku ule, mimi na yeye, lakini akianza zamu kitu cha kwanza anavuta daftari kutoka chini ya meza, analifungua ukurasa wa kwanza, analiweka karibu na maiki ndo anavaa hedifoni.